Mkono wa Kulia wa Mboje Ndalahwa

Mwangaluka, wasikilizaji wapendwa. Kama chai iko mbele yako, kunywa taratibu. Kama uko shambani na redio umeitundika mtini, pumzisha mgongo kidogo.

Leo tunamkumbuka Mboje Ndalahwa, aliyekuwa mpakiaji wa marobota ya pamba hapa Bariadi mjini, mzaliwa wa Nkololo. Alifariki Jumanne kwa nimonia, akiwa na miaka thelathini na tisa. Tulimzika kwao Nkololo, watu wakajaa mpaka zizini.

Wengi mlimfahamu kwa mkono wake wa kulia. Msuli wa mkono ule ulikuwa umejikunja juu, karibu na bega, na chini yake palikuwa na bonde. Hakuweza kuzungusha bisibisi wala kugeuza ufunguo kwa mkono ule. Leo nasimulia ulivyopata kuwa hivyo. Mjane wake, Kabula, ameniruhusu. Aliniambia, "Mama, sema yote. Mwenyewe alishayasema mbele ya watu."

Mboje alikuwa mtu mwema. Wenzake wanasema alipobeba na mtu aliyemzidi umri, alichukua upande mzito. Mzee akidhani robota ni jepesi, Mboje alimwacha adhani hivyo.

Baba yake, Mzee Ndalahwa, ni fundi wa kufundisha maksai. Wafugaji mnaijua kazi hiyo. Kwanza ng'ombe anavaa nira tupu, siku nyingi. Kisha anavuta gogo. Plau inakuja mwisho. Ukiruka gogo, unamvunja ng'ombe. Mboje aliyajua hayo tangu utotoni.

Lakini alipenda chuma. Jioni, baada ya kazi, yeye na vijana wenzake walinyanyua vyuma uani kwa rafiki yao. Chuma chenyewe kilikuwa ekseli ya gari bovu, na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Kwa miaka mitano Mboje alipanda polepole mpaka kilo mia na ishirini.

Miaka saba iliyopita alikuja mgeni mmoja na vichupa vya dawa ya sindano. Dawa hiyo inaitwa steroidi. Akasema inajaza mwili upesi. Sasa, wasikilizaji wapendwa, kwetu sindano haimtishi mtu. Ng'ombe akiugua tunamchoma wenyewe, na dozi tunaipima kwa ukubwa wa ng'ombe. Mboje naye akafanya vilevile. Akajiangalia, akaona yeye ni mkubwa, akajichoma dozi kubwa. Hakumuuliza daktari.

Baada ya wiki kumi alikuwa ananyanyua kilo mia na themanini. Nairudia: kutoka mia na ishirini mpaka mia na themanini, kwa wiki kumi tu. Mashati yalipasuka mabegani. Kabula alishona, akachoka. Chunusi zilimjaa mgongoni, na hasira zikawa karibu.

Alipokwenda Nkololo kusalimia, baba yake alimzunguka kama anayekagua ng'ombe mnadani.

"Umekuwa fahali, mwanangu. Gogo ulilivuta lini?"

Mboje akacheka. "Baba, mimi si maksai."

"Ni kweli. Maksai akichoka anasimama."

Juni ya mwaka huo, Mboje aliinama kuvuta chuma kutoka chini. Waliokuwepo walisikia mlio kama wa turubai linalochanika. Kano ya kiwiko ilikuwa imekatika. Kano ni ile kamba nyeupe inayoshika msuli kwenye mfupa. Ukichinja ng'ombe unaiona mguuni, ile inayosumbua kisu.

Mboje aliona aibu. Aliwasihi wenzake wanyamaze, na mjini akasema robota limemwangukia. Alikandwa maji ya moto kwa wiki tano. Alipofika hospitali, daktari alimwambia amechelewa, kano imerudi juu na kusinyaa, kuirudisha ni vigumu. Daktari akamweleza kwa upole. Msuli unaweza kukua kwa wiki chache, na dawa ile inauharakisha zaidi. Kano inakwenda mwendo wake, miezi na miezi. Msuli ukishakuwa na nguvu ambayo kano haijaizoea, kano ndiyo inayolipa.

Jambo lililomnyima Mboje usingizi halikuwa mkono wake. Vichupa vilivyobaki alikuwa amempa Bujiku, mtoto wa baba yake mdogo, kijana wa miaka ishirini na mbili. Bujiku hakuwepo siku ile uani. Aliamini habari ya robota kama watu wengine. Akaendelea kujichoma.

Kabula anasimulia, "Nilimwambia, baba watoto, mwambie mdogo wako. Akasema, nitamwambia. Kesho ikaja, akasema nitamwambia."

Ukafika mwezi wa nane, siku ya bonanza uwanjani. Kulikuwa na mpira, kuvuta kamba na kunyanyua vyuma. Bujiku akaitwa. Mikono ya shati ameikata, kifua kimejaa, watu wanampigia miluzi. Kwenye ekseli waliweka kilo mia na tisini.

Hapo Mboje akaingia katikati. Akavua shati, akainua mkono ule.

"Jamani, robota halikuniangukia. Nilidanganya. Nilijichoma sindano, mwili ukakua haraka, kano ikakatika. Na dawa anayojichoma Bujiku nilimpa mimi."

Watu wakamzomea. "Toka, mzee! Wivu huo!" Mwingine akapaza sauti, "Mkono mmoja, rudi kwa mkeo akukande!"

Bujiku alisogea, macho mekundu. "Kaka, unaniaibisha mbele ya watu?"

"Naam. Na mimi najiaibisha. Tuaibike wawili, mdogo wangu, lakini mkono wako ubaki."

Bujiku alimsukuma kando, akaishika ekseli. Akaanza kuvuta. Kisha akaiachia na kuondoka uwanjani, hakumwangalia mtu.

Juzi msibani nilimuuliza kwa nini aliachia. Akajibu, "Mayu, mama yangu, kiwiko kilikuwa kinaniuma wiki mbili. Nilikuwa sijamwambia mtu. Kaka aliposema vile, nikajua anakisema kiwiko changu."

Hakumsemesha kaka yake kwa miezi mitatu. Mvua zilipoanza, alifika alfajiri na maksai wawili. Akamwambia Kabula, "Shemeji, mwambie huyo mzungumzaji wako alale tu. Shamba nalima mimi." Amelilima kila mwaka tangu hapo.

Mboje hakurudi kwenye upakiaji. Alifanya kazi ya kupima pamba kwenye mizani, na jioni alikaa pale uani kwenye vyuma. Kijana akitaka kuongeza kopo la zege, alimuuliza, "Hili ulilo nalo umekaa nalo muda gani?" Akisikia wiki moja, alimwambia arudi mwezi ujao. Walimtania kwamba ni bwana harusi wa vyuma, hataki viguswe. Alicheka nao. Wakarudi mwezi uliofuata.

Kabula, mwanangu, pole sana. Watoto wake watatu, poleni. Mzee Ndalahwa, umemfukia uliyemlea, Mungu akushike. Bujiku, pole, baba. Wapakiaji wote wa Bariadi, poleni.

Na wewe unayenisikiliza, kaa na jambo hili. Mboje alijua wiki nyingi kabla ya kusema. Kila siku aliyonyamaza, Bujiku alijichoma. Aliposema, alizomewa, na mkono wa mtu ukapona. Labda nawe kuna kitu ulimpa mwenzako, kwa upendo kabisa, na sasa umejua kinaumiza. Bado anakitumia. Nenda ukamwambie. Redio izime tu, mimi sitaudhika.