Bwana Labda na Kipimo Kilichonyamaza

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijaanza, hakikisheni redio zenu zimewashwa. Najua, najua. Isingewashwa usingenisikia. Lakini mtu tunayemkumbuka leo angekwambia, "Labda unasikia ya jirani. Umeangalia?"

Tunamkumbuka Bwana Labda. Mwanafizikia. Mkaguzi wa usalama wa mionzi katika taasisi ya utafiti wa wadudu. Amefariki wiki iliyopita, nyumbani kwake, usingizini. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Bwana Labda, mkaguzi wa mionzi, amefariki dunia wiki iliyopita.

Nawajua nyinyi. Mmeshaanza kunong'onezana, "Ni ile mionzi hiyo." Hata mimi nilishuku. Sebuleni kwa mjane wake nilizunguka na maneno mpaka akanikatisha.

"Mwanangu, uliza tu. Ni moyo. Daktari kasema ni moyo. Marehemu angemuuliza daktari kama vyombo vyake ni vizima, lakini mimi nimekubali."

Jina la Labda alipewa kazini. Ukimuuliza habari za asubuhi, "Labda nzuri." Ukimwambia chai ni ya moto, anagusa birika. "Siku nilipomkubalia ndoa," anasema mjane, "aliniuliza asubuhi, akarudi kuniuliza jioni, aone kama majibu yanalingana."

Pale kazini kwao, wasikilizaji wapendwa, wanafuga nzi. Usicheke. Ni nzi wa matunda, wale wanaotaga mayai ndani ya tunda lako, unakuja kugundua ukishauma. Madume hupigwa mionzi wakiwa bado mabuu, ili wakikomaa wasiweze kuzalisha. Wanaachiwa mashambani, wanaoa kwa mbwembwe zote, watoto hakuna. Baadaye mitego inaonyesha kama nzi wamepungua. Mtafiti anayesimamia kazi hiyo wanamwita Mama Nzi, na anaitika.

Mionzi inatoka kwenye chuma kidogo kinacholala shimoni, ndani ya kasha zito la madini ya risasi. Kinapandishwa kwa waya, kinafanya kazi, kinashushwa. Chumba kina kuta nene na mlango wa chuma. Juu ya mlango, taa nyekundu. Ikiwaka, usiingie. Ikizima, ingia.

"Labda," alikuwa akisema marehemu.

Sasa, si yeye peke yake aliyekuwa na shaka. Mkewe naye alikuwa na zake. "Anatoka na shati la bluu, anarudi na la kijivu. Ananukia sabuni ambayo si yetu. Nikiuliza, 'Ni usalama tu.' Usalama wa nani? Na kila jioni ni Mama Nzi kasema hivi, Mama Nzi kacheka vile. Asubuhi moja akasahau chakula chake. Nikapata kisingizio. Nikakibeba, nikaenda kuwafumania."

Asubuhi hiyohiyo, kwenye korido ya taasisi, taa nyekundu imezima. Fundi wa mashine, nyuma ya kioo chake, anasema, "Chuma kiko chini, bwana. Mwache mama achukue nzi wake." Mama Nzi, trei tupu mkononi, ana haraka. "Mabuu wangu watakufa kwa joto hili. Leo usinianze."

Mkononi Bwana Labda ana kipimo cha mionzi, kikubwa kama tochi. Tik. Tik. Sikilizeni vizuri hapa. Kipimo kile hulia kila mahali, hata sebuleni kwako, kwa sababu ardhi na kuta zina mionzi kidogo ya asili. Tik hapa, tik pale. Narudia: kikiwa kizima, hakinyamazi.

Akakifunga kwenye fimbo ndefu. Akausogeza mlango, upenyo tu. Akakiingiza.

Kimya.

Mama Nzi akacheka. "Si unaona? Hata kipimo chako kimekuchoka." Akatanguliza mguu.

Bwana Labda akaitupa fimbo, akamkamata kiuno, akamvuta nyuma, akaufunga mlango kwa bega.

"Na mimi ndipo natokea kwenye kona," anasema mjane. "Namkuta mume wangu kamkumbatia mwanamke. Kiunoni! Nikasema haya, nimewanasa kama nzi wao. Chakula chote nikamrushia."

Yeye, mchuzi ukimchuruzika shingoni: "Mama watoto, labda unachokiona sicho. Rudi kwenye kona. Tafadhali."

Akaleta kipimo cha aina nyingine, cha mionzi mikali. Fimbo ileile, upenyo uleule. Mshale ukaruka mpaka mwisho. Nyuma ya kioo, fundi akasimama. Waya ulikuwa umekwama. Chuma kilikuwa juu, wazi, na swichi ya taa ilikuwa imeharibika. Kile kipimo cha kwanza hakikunyamaza kwa sababu hakuna kitu. Kilizidiwa na mionzi mpaka kikashindwa kulia.

Mama Nzi akakaa chini sakafuni, trei tupu mapajani. "Wifi," akasema, "shikamoo."

"Wifi wa nani?" akajibiwa.

Leo ni marafiki wakubwa. Mama Nzi aliniambia, "Ningeingia, ningechagua trei zangu taratibu, ningetoka kwa miguu yangu nikitabasamu. Wiki chache baadaye mngenizika."

Na mashati? Chuma kile hakichafui nguo, Mama Nzi alinieleza. Basi tu, Bwana Labda hakuliamini hata shati lake; kila jioni alioga kazini na kulibadilisha.

Nyumbani vilevile. Watoto wakipiga kelele, anasoma gazeti. Wakinyamaza, anakimbia kuwaangalia. "Alinifundisha kusikiliza," anasema mjane. "Asubuhi aliyofariki niliamka kwa sababu hakuwa akikoroma. Sikuhitaji kipimo."

Kwa mjane, kwa watoto, kwa Mama Nzi na wenzake wote kazini: poleni sana. Kipindi hiki kinalia pamoja nanyi.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, tafakarini kidogo. Mzazi aliyekuwa akilalamika kila siku, wiki hii katulia. Mtoto msumbufu kawa mpole ghafla. Mmefurahi. Mmeangalia?

Nilitaka tumkumbuke kwa dakika moja ya ukimya. Familia imekataa. Mjane alinitazama kama vile nimemtukana marehemu. Badala yake amenipa kipimo cha marehemu, kiko hapa mezani kwangu. Ongezeni sauti. Nakisogezea kipaza sauti.

Tik.

Tik.

Haya. Tuko salama. Labda.