Leso Nyeupe za Vale do Cardo

Wasikilizaji wapendwa, Abílio Carrasqueira amefariki. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Abílio Carrasqueira, kiungo wetu, baadaye kocha wetu, amefariki Jumanne akiwa na miaka sitini na mmoja. Tumemzika jana. Leo maneno matamu sina, mniwie radhi.

Aliondoka hapa Vale do Cardo na miaka kumi na tisa, na soseji za mama yake kwenye begi. Akacheza Ugiriki. Akacheza Bulgaria, akacheza Kupro, kisha Romania, ambako goti lilimgomea akageuka kocha. Nchi nne, timu tisa. Mizigo alifunga mkewe, Deolinda. Boksi moja, lile la sahani za harusi, halikufunguliwa miaka ishirini na sita.

"Nifungue ya nini?" alikuwa akisema. "Na huyu mwanamume, sahani haijakauka tumeshahama!"

Kisha União, timu ya nyumbani, ikamwita. Waromania walimsihi abaki. Abílio akamwambia mkewe, "Mcheza kwao hutunzwa, mke wangu. Twende." Siku waliyofika, Deolinda alifungua boksi la sahani.

União ikafungwa mechi sita mfululizo. Sita, wasikilizaji wapendwa. Mabeki wawili majeruhi, kipa ana homa, lakini nani alitaka kusikia? Dakika ya themanini ya mechi ile ya sita, leso ya kwanza ikapungwa jukwaani. Mnajua maana yake: kocha, kwaheri. Ikaja ya pili, mara jukwaa zima jeupe.

"Rudi kwenu, we Mromania!" mtu akapiga kelele.

Mromania! Mtoto wa Dona Perpétua, aliyetulisha mikate sote! Loo, tulikosa haya.

Abílio akageuka kutazama. Safu ya tatu alimwona kaka yake wa damu, Hermínio, naye anapunga. Juzi nilimuuliza Hermínio ilikuwaje. Alilia kwanza.

"Kila mtu alikuwa anapunga, bwana," akaniambia. "Mkono uliinuka tu. Sikufikiri."

Abílio alijiuzulu kesho yake. Tulidhani atarudi Romania. Hakurudi. Timu mbili zilimpigia simu, akazijibu kwamba sahani zake ziko kabatini. Miaka kumi na moja aliishi hatua chache kutoka uwanjani, na kila siku ya mechi alifunga dirisha la upande ule, hata joto la Agosti. Deolinda anasema alikuwa anakaa jikoni anamenya viazi, vingi kuliko watakavyokula, mpaka kelele ziishe. Hakukanyaga tena uwanja ule akiwa hai.

Jana rais wa União alimwomba Deolinda jeneza lizungushwe uwanjani, kama tunavyomfanyia kila aliyevaa jezi yetu. Mama wa watu akasita, kisha akakubali. "Mara moja tu," akasema. "Padri anasubiri."

Jukwaa lilijaa. Jeneza lilipofika katikati, watu wakatoa leso, kama tunavyoiaga sanamu ya Bikira Mtakatifu siku inapotembezwa barabarani. Safari hii kwa mapenzi, naapa. Watu walikuwa wanalia. Uwanja mzima ukawa mweupe.

Deolinda, aliyekuwa akifuata jeneza, akasimama. Wabebaji nao wakasimama. Hakuwa na kipaza sauti, lakini tulimsikia wote.

"Zirudisheni mifukoni," akasema. "Hizo alishaziona."

Zikashuka moja moja. Hermínio aliificha yake kwa mikono miwili, akainama mpaka jeneza lilipotoka langoni.

Kwako Dona Deolinda, na kwa ukoo wote wa Carrasqueira: poleni, na mtusamehe mkiweza. Ninyi wengine, wasikilizaji wapendwa, Jumapili tuna mechi, na kocha mpya keshafungwa mechi tatu. Kabla hamjatoka nyumbani, tazameni mmebeba nini mfukoni. Mimi nimetazama yangu. Ni ileile niliyompungia Abílio miaka kumi na moja iliyopita.