Bi Subiri, Opereta wa Mji Uliozungukwa

Mama yetu mpendwa alizaliwa Jumapili, tarehe 13 Juni 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya wanne. Baba yake alikuwa mchoma matofali, mama yake mshona nguo. Alipozaliwa, Vita Vikuu vilikuwa vimekwisha na mkataba ulishatiwa saini miaka miwili nyuma. Katika mkataba huo wakubwa walichora mpaka mpya. Mji wetu uliendelea kuwa mali ya nchi yetu, lakini ardhi yote iliyouzunguka ikapewa nchi jirani. Tuliunganishwa na wenzetu kwa barabara moja tu ya kilomita ishirini na mbili, ikiwa na geti kila mwisho. Babu alizoea kusema kwamba mji huu ni kifungo kilichodondoka kutoka kwenye shati, na mwenye shati hana habari.

Alisoma shule ya msingi hapa mjini kuanzia mwaka 1955 hadi 1962. Sekondari haikuwapo, kwa hiyo Januari 1963 alipelekwa bweni, upande wa pili wa barabara. Kila alipokwenda na kila aliporudi, basi lilisimamishwa mara mbili na mabegi yakafunguliwa mara mbili. Siku moja askari wa jirani alimuuliza, "Binti, umebeba nini humu?"

"Nguo chafu na hesabu nilizofeli," akajibu.

Askari alicheka mpaka akasahau kupekua. Tangu siku hiyo, kila muhula ulipofungwa, alimwita kwa mbali: "Mwanafunzi! Safari hii umefaulu?" Mama alipenda kutusimulia habari ya askari huyo. Alitaka tujue kwamba wale watu wa getini tuliwahi kuwafahamu, nao wakatufahamu. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1966, na hesabu alifaulu.

Tarehe 1 Machi 1967 aliajiriwa kuwa opereta wa simu. Kituo kilikuwa ghorofani, juu ya posta: chumba chenye madirisha mawili, stuli ndefu nne, na ubao mkubwa wenye matundu mia mbili na waya za kuchomeka. Kila aliyepiga simu katika mji huu alisikia kwanza sauti yake: "Subiri kwenye laini, mpendwa." Ndipo watu wakaanza kumwita Bi Subiri, na wengi wenu hapa hamjawahi kumjua kwa jina jingine. Hata nyumbani, mtu akibisha hodi wakati mama amezama katika mawazo, aliitikia, "Namba ngapi?"

Simu za kwenda nje zilipita kwenye nguzo za kando ya barabara, isipokuwa laini moja ya zamani iliyopitia kituo cha jirani, juu ya kilima. Opereta wa huko alikuwa mwanamke wa rika lake. Sheria ya kazi iliwakataza kutajiana majina, basi mmoja alimwita mwenzake Mjini, na mwingine akamwita Kilimani. Lugha yao ilikuwa moja. Kilichokuwa kigeni ni mpaka. Kuanzia mwaka 1970 walisalimiana kila siku ya kazi, wakaulizana habari za homa za watoto na za maji kukatika, bila kuonana hata mara moja.

Jumamosi, tarehe 8 Septemba 1973, alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa lori la unga katika barabara hiyohiyo. Baba alikuja posta kupiga simu ya dakika tatu, akakaa kwenye benchi saa nzima. Alipoulizwa anasubiri nini, alisema anasubiri simu ipoe. Mungu aliwajalia watoto watatu: kaka yetu mwaka 1975, mimi ninayewasomea mwaka 1979, na kitinda mimba mwaka 1984.

Ijumaa, tarehe 12 Aprili 1991, baba aliondoka asubuhi kwenda kupakia unga. Serikali mbili zilikuwa zikivutana tangu mwaka mpya kuhusu nani mwenye haki ya kukagua malori. Mchana huo jirani akafunga barabara, jeshi letu likajaribu kuifungua kwa nguvu, na vita vikaanza. Saa kumi jioni baba alipiga simu. "Nimezuiliwa huku," alisema. "Wakifungua tu, nakuja." Wapo wanaosema vita vile vilianza siku hiyo. Mama alikataa. "Vilianza kabla sijazaliwa," alituambia. "Ukiwapa watu mlango mmoja tu wa kupitishia chakula, ipo siku mtu atauegemea."

Wiki ya kwanza mizinga iliangusha nguzo zote za barabarani. Ilibaki ile laini ya Kilimani, na majeshi yote mawili yaliiacha kwa sababu yaliihitaji ili kupatana kuhusu majeruhi na maiti. Wanajeshi wakachukua kituo, wakamwacha mama kwenye ubao, askari mmoja mlangoni. Simu za binafsi zilipigwa marufuku. Wiki ya tatu Kilimani alisema kwa sauti ya chini, "Mjini, kuna dereva anakuja hapa kila siku. Anauliza kama wanawe wako hai. Nimwambie nini?"

Kuanzia hapo, kila Jumanne makamanda walipomaliza kuzungumza, Kilimani aliacha waya mahali pake kwa dakika mbili. Mama alizungumza kama mtu anayejaribu mitambo, ili askari asishtuke. "Hallo, nakusikia vizuri. Ndiyo, laini zote tatu zinafanya kazi. Ya tatu ilikuwa na mikwaruzo, sasa imetengemaa." Sisi ndio tuliokuwa laini hizo. Mwenye mikwaruzo alikuwa kitinda mimba, aliyekuwa na kikohozi. Upande wa pili baba aliweza kusema lolote. Mama hakutuambia kamwe alichokuwa akiambiwa, ila Jumanne alirudi nyumbani akiwa ametulia, na hata kikombe chetu kimoja kimoja cha uji alikigawa akiimba.

Kisha ukaja msafara. Majeshi yalikubaliana kwamba Alhamisi, tarehe 21 Novemba, wagonjwa na majeruhi arobaini na watatu wapitishwe barabarani kwenda hospitali ya upande wa pili. Jumatano mchana Kilimani aliita.

"Mjini, kesho wasitoke."

"Kwa nini?"

"Wenye mizinga wamepangiwa kuipiga kona ya barabara kesho, na hawajaambiwa habari za msafara. Usiniulize zaidi."

"Una hakika?"

"Mimi ndiye ninayewaunganisha. Nasikia."

Mama alivua visikilizio, akaviweka mezani. Alijua kwamba akisema, ataulizwa amejuaje, na Jumanne zake zitakuwa zimekwisha. Alimpita askari mlangoni, akashuka ngazi, akaenda moja kwa moja kwa kamanda.

"Umejuaje?" kamanda aliuliza.

"Nimesikia kwenye laini."

"Kutoka kwa nani?"

"Afande, wagonjwa hao wasitoke kesho. Mengine nifanyie utakavyo."

Msafara haukutoka. Alhamisi saa nne asubuhi kona ile ilipigwa mizinga kwa dakika ishirini, na waliokuwa hospitali waliusikia mshindo wodini. Jumamosi, baada ya mapatano mapya, magari yaliondoka, na wote arobaini na watatu walifika wakiwa hai. Mama alizuiliwa siku mbili akihojiwa. Jina la aliyemwambia hakulitaja, na kusema kweli hakuwa nalo. Kamanda alimwambia, "Umeokoa watu, lakini umezungumza na adui. Siwezi kukurudisha kwenye ubao." Akapelekwa hospitali kufua mashuka. Jumanne iliyofuata baba alikwenda kilimani kama kawaida, akashika simu, akasikia sauti ya mwanamume.

Vita vilisimama Juni 1992 bila mshindi. Mpaka ulibaki palepale kalamu ilipoupitisha, na barabara ikabaki imefungwa. Tulilishwa kwa ndege. Barua zilipita mara sita kwa mwaka, kupitia watu wa misaada, zikiwa zimefunguliwa. Mama aliendelea kufua hospitalini mpaka alipostaafu mwaka 2003. Baba alifariki nyumbani kwa dada yake tarehe 2 Februari 1999, na sisi tulipata habari baada ya siku kumi na tisa. Mama alitandika kitanda kwa mito miwili mpaka mwisho wa maisha yake.

Mei 2004 geti lilifunguliwa kwa vibali vya siku moja. Mama akaenda kaburini kwa baba, akakaa saa mbili, akatuambia tumpishe kidogo. Wakati wa kurudi, basi lilisimama kilimani ili tugongewe mihuri. Tuliingia dukani kununua maji. Mwanamke mmoja alikuwa akibishana na muuzaji kuhusu sabuni, na mama akasimama ghafla kana kwamba ameitwa.

"Kilimani?" alisema.

Yule mwanamke aligeuka, akaweka sabuni chini. "Mjini! Mbona mfupi hivyo? Miaka yote nilidhani wewe ni mrefu."

"Na mimi nilidhani wewe ni mnene."

Walicheka, kisha wakalia, na basi zima likawasubiri. Tangu hapo walitembeleana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Kilimani ndiye aliyekuwa akilipalilia kaburi la baba. Hali hiyo ilidumu hadi Septemba 2020, majeshi yalipopigana tena kwenye kona ileile na geti likafungwa.

Moyo wa mama ulianza kudhoofika mwaka 2019. Tarehe 3 Machi mwaka huu alilazwa wodi namba nne. Aliuliza kila asubuhi, "Wamefungua?" Tulijibu, "Bado, mama." Alitaka azikwe karibu na baba, nasi tuliandika ombi, tukalipeleka ofisini. Juma lililopita alituita wote watatu. "Msinilaze kwenye friji mkingoja wakubwa," alisema. "Nizikeni hapa. Wakielewana, mtanihamisha." Alifariki Jumanne, tarehe 18 Machi 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka 76. Ombi letu bado liko ofisini. Hatutaliondoa.

Marehemu ameacha watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano na kaka mmoja. Ameacha pia dada asiye wa damu, ambaye jina lake tunalijua sasa, lakini kwa usalama wake hatulitaji. Ameshuka kutoka kilimani leo asubuhi akiwa na binti yake, akaomba kuingia kwa saa mbili, akakataliwa. Hakurudi nyumbani. Tumeambiwa amesimama pale getini hadi sasa. Tukishamaliza hapa, sisi watoto wa marehemu tutakwenda kusimama upande wetu wa geti na kumpa pole mfiwa mwenzetu. Anayetaka kufuatana nasi, njia anaijua.

Mama yetu na alale kwa amani.