Mstari wa Buluu wa Kwamlindo

Bwana Yesu asifiwe, na ndugu zetu Waislamu, asalamu aleikumu. Anayesimama mbele yenu ni Yordani Hiza, kaka mkubwa wa marehemu, aliyetumwa na familia kuyasoma maisha ya mdogo wake, nanyi mtamvumilia, maana karatasi hii ina mahali ambapo aliapa kwamba hasomi ng'o, akabishana na shemeji yake, mjane wa marehemu, siku nzima, akashindwa.

Marehemu Ernesti Hiza alizaliwa Bungu, wilaya ya Korogwe, tarehe 14 Machi 1936, akiwa mtoto wa nne wa mzee Jonathan Hiza na mama Josefina, ambao wote wametangulia. Alianza shule ya misheni hapohapo Bungu mwaka 1945, akaendelea na shule ya kati Korogwe mpaka 1953, na huko mwalimu alimkuta siku moja akiuchora mto Lwengera kutoka kichwani, kona zake zote, badala ya kufanya hesabu, akachapwa kwanza, kisha akasifiwa.

Baada ya mafunzo ya mwaka mmoja Dar es Salaam aliajiriwa tarehe 1 Februari 1957 kuwa mchora ramani msaidizi mjini Korogwe. Desemba 1961, wenzake walipokuwa wakicheza ngoma, yeye alifungiwa ofisini na wembe akikwangua maneno ya koloni kwenye pembe za ramani, moja baada ya nyingine, akarudi nyumbani anapiga chafya kwa vumbi la wino, akisema kumbe Uhuru unawasha pua. Hapo alijiwekea nadhiri kwamba iko siku ramani ya wilaya nzima itakuwa na jina lake pembeni, na tunaomba nadhiri hiyo muikumbuke, kwa kuwa ndiyo iliyomponza.

Alifunga ndoa na Hosiana, binti wa Kwashemshi, siku ya Jumamosi tarehe 24 Agosti 1963, na Mungu akawajalia watoto watatu, Josefina mwaka 1964, Jonathan mwaka 1966 na Filomena mwaka 1970. Tarehe 3 Julai 1967 alihamishiwa Handeni, wakapanga nyumba Chanika, na huko ndiko alikoanza kazi yake ya karatasi. Alichukua karatasi nyembamba zinazopitisha mwanga, moja akachora udongo, ya pili miinuko na mapori ya mbung'o, ya tatu maji, na kila mahali pasipofaa akapatia rangi ya penseli, kisha akazibandika zote pamoja kwenye kioo cha dirisha, jua likipenya, na pale palipobaki peupe katika karatasi zote tatu, hapo ndipo watu wangeweza kuishi. Hosiana alikuwa akimtania kwamba laiti angezaliwa karatasi, naye angetazamwa hivyo walau mara moja kwa mwezi.

Sasa tumefika mahali penyewe. Mnajua kwetu marehemu hasemwi vibaya, na wazee wa ukoo walitaka sehemu hii irukwe, lakini marehemu aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, akaagiza isomwe hadharani, hapa Kwamlindo, kabla jeneza halijashushwa.

Mwezi Mei 1973, masika imekolea, alikuja kupima bonde hili, akaukuta mto ukimfika kiunoni, na mama mmoja aliyekuwa akilima mpunga ng'ambo, jina lake Mwantumu, akamwita, akamwambia, mwanangu, maji haya ni mgeni, yanakuja na mvua na kuondoka na mvua, rudi mwezi wa tisa uje uyatazame, usije ukawadanganya watu. Marehemu aliyaandika maneno hayo kwenye daftari lake, akamshukuru, akamwahidi kurudi. Kwa kanuni za kazi yake, maji ya msimu huchorwa kwa mstari uliokatikakatika, na mstari mzima ni wa maji ya mwaka mzima, na jambo hilo alilijua kama anavyolijua jina lake. Lakini ramani ya wilaya ilitakiwa mwezi Juni, na kungoja Septemba kungemaanisha kazi kumaliziwa na mtu mwingine na jina la mwingine kuandikwa pembeni, basi siku moja akiwa peke yake ofisini alichukua kalamu ya buluu, akauvuta mstari mzima kutoka juu ya bonde hadi chini, na hakuna mtu yeyote aliyemlazimisha. Karatasi zilipobandikwa dirishani, bonde la Kwamlindo likang'aa peupe kuliko mahali pote.

Agosti 1974, serikali ilipokuwa ikihamishia watu vijijini, malori yaliifuata ramani hiyo yakaleta hapa kaya mia mbili na kumi na mbili. Mvua za vuli zikakataa, mwezi wa kumi mto ukawa mchanga mtupu, kina mama wakawa wanaamka kwenda kugombea maji ya bwawa pamoja na ng'ombe, na kuhara kukaingia. Marehemu ameandika majina ya watoto saba waliofariki kabla ya Krismasi, nayo yatasomwa kanisani na msikitini kama wazazi wataridhia, leo tunalitaja moja tu, Tatu, umri miaka sita, mjukuu wa huyo Mwantumu, aliyefariki tarehe 11 Desemba 1974. Jamani, hata kusoma kunauma.

Mwaka 1976 aliomba kuacha cheo cha ofisini, akahamia hapa na mkewe, na watu wakashangaa, mtu mzima anaacha meza na kivuli anakuja kula vumbi. Kwa kiangazi cha miaka mitatu alitembea nyuma ya kina mama wenye ndoo, na Bibi Mwantumu mbele yao, akiandika kila kidimbwi kinakauka mwezi gani na mti gani unabaki kijani, akachora karatasi ya nne aliyoiita maji ya Septemba, na penye mkuyu ule mnaouona wakachimba kisima, na tarehe 19 Septemba 1978, kwenye futi thelathini na nane, maji yakatoka. Kila aliposifiwa aliinuka akaenda zake, nasi tukadhani ni unyenyekevu. Bibi Mwantumu alimletea bada, ule ugali wa muhogo, na mlenda, akamwita mwanangu, na kumbe miaka yote hiyo aliamini kwamba kijana alifikisha ujumbe wake na wakubwa ndio walioudharau, na marehemu hakuwahi kumwambia vinginevyo. Alikula kile chakula ameinamisha kichwa.

Mwezi Machi 1980 alianza kuumwa koo, ikagundulika ni saratani, na kufikia Oktoba sauti ilikwisha kabisa, ndipo akachukua penseli yake ngumu ya kuchorea akaandika haya, akamkabidhi Hosiana. Alifariki katika hospitali ya wilaya, Korogwe, siku ya Jumamosi tarehe 17 Januari 1981, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne. Sisi tulitaka kumpeleka Bungu kwa wazazi wake, yeye ameomba kulala hapa, ila kwa sharti kwamba watu wa hapa wasikie kwanza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, wachora ramani wenzake waliotoka Handeni kwa baiskeli, majirani waliochimba kaburi katika ardhi hii ngumu, na kina mama walioteka maji tuliyopikia tangu Jumamosi, maana mto umekauka kama kila Januari, na maji yote yametoka penye mkuyu. Ndoo ya kwanza ililetwa na Bibi Mwantumu, kichwani mwake, kwa umri wake huo, kabla hajayasikia haya.

Bibi Mwantumu, shikamoo. Marehemu hakuandika neno la kuomba radhi, ameandika tu kwamba uliachiwa ukweli nusu, na kwamba uliyemwita mwanao ndiye aliyeuvuta mstari. Ukitaka kuinuka uende zako, njia utapishwa, na hakuna wa kukulaumu. Ukisema asizikwe hapa, gari lipo, tutampakia tumpandishe Bungu leo hii, na kaburi tutalifukia wenyewe. Tunangoja kauli yako, Bibi, na hatuna haraka.

Ernesti, ulichotutuma tumekisema, hatukuruka mstari. Pumzika kwa amani, mdogo wangu, kama Bibi atakuruhusu.