Bi Punguza, Aliyeondoka Taratibu Ili Aitwe

Mpendwa wetu, ambaye ndugu na wateja walimwita Bi Punguza, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la mama yake, akiwa kitinda mimba. Kabla hajajua kusoma alishajua kupatana bei: unashika kitambaa, unaguna, unakirudisha, unaondoka taratibu mpaka uitwe.

Shuleni alikuwa moto, na mwaka 1976 alipata ufadhili wa kusomea uchumi ng'ambo. Huko bei zilibandikwa na hazikupungua. Hata hivyo, wiki ya kwanza alishika koti, akaguna, akalirudisha, akaondoka taratibu. Hakuitwa. Mwanafunzi wa uhandisi, mgeni mwenzake, alimfuata barabarani akicheka: "Dada, hapa ukiondoka umeondoka!"

Mwisho wa mwaka alianguka somo la bei. Bila somo hilo ufadhili ulikuwa unakatika na anarudishwa nyumbani. Akaenda ofisini kwa profesa.

"Niongezee alama kidogo tu."

"Alama haziuzwi, binti."

"Basi nipe mtihani mwingine."

"Hapana."

Akaguna, akachukua mkoba, akaondoka taratibu. Akamaliza korido nzima bila kuitwa. Kwenye ngazi akalikumbuka lile koti, akageuka mwenyewe.

"Profesa, kwetu ningekuwa nimeshaitwa."

"Kuitwa na nani?"

Akamweleza: mteja akiondoka, muuzaji anamtazama mgongo, na anayeogopa zaidi kupoteza ndiye anayeita. Profesa akavuta kiti. "Hilo ndilo swali ulilokosa. Kaa, ujibu kwa mdomo."

Alifaulu, na shahada akaipata mwaka 1979.

Alifanya kazi katika bodi ya mazao hadi alipostaafu mwaka 2011. Wanunuzi waliuliza kwanza kama yupo ofisini, ndipo wapande ngazi. Yule mhandisi alipozungukazunguka bila kuposa, Bi Punguza aliaga na kuondoka taratibu. Aliitwa kabla hajafika kona. Walioana tarehe 8 Agosti 1981.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022. Alibishana na daktari juu ya kila kidonge, akapunguziwa viwili. Asubuhi ya tarehe 6 Juni mwaka huu alionja chai, akamwambia mumewe, "Mzee, kwa chai hii ningeomba punguzo," akafumba macho. Tulimwita sana. Safari hii hakugeuka.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, mmoja wao akisomea uchumi ng'ambo, na dada mkubwa ambaye bado yuko dukani.

Apumzike salama. Huko alikokwenda bei ni moja, tunamwomba asiwasumbue wenyeji.