Kura ya Turufu Ndani ya Treni

Valerie alikuwa anaenda chuoni kufanya mtihani wa siasa za Umoja wa Ulaya, na kichwani hakukuwa na kitu. Kwenye treni, mama mmoja Mkenya alikuwa akimwambia mzee Mkongo kwa Kiswahili, wakidhani hakuna mwingine anayewaelewa, "Nchi ishirini na saba, moja ikikataa, zote zinakwama! Adui atawangoja?"

"Mama, ukiinyima nchi ndogo kura ya turufu, itajitetea na nini?"

"Na jeshi la pamoja!"

"Likiongozwa na nani, Wabelgiji? Hao sisi tunawajua!"

Mama alicheka mpaka machozi. Valerie naye akaangua kicheko, maana alichoshindwa kuelewa muhula mzima kilikuwa kimemwingia.

"Kumbe unasikia Kiswahili! Tuamulie basi, binti," mzee akasema.

Milango ikafunguka kituo cha chuo kikuu. "Ngojeni mwalimu aniamulie mimi kwanza!" Valerie akajibu, akaruka nje.