Kijiji Kilichozimwa

Nyuma ya stendi ya Kakamega, kati ya kibanda cha fundi wa simu na duka la mbegu, kuna benchi refu ambalo mguu wake mmoja umeegemezwa kwa tofali. Kila baada ya chakula cha mchana, Zeituni wa Mumias huteremsha hapo birika lake la kahawa ya tangawizi, na wenyewe hukusanyika. Kuna Diwani, aliyegombea mara mbili, akakosa mara mbili, lakini jina likamganda. Kuna Profesa, mwenye duka la mbegu, aliyesomea kilimo chuo cha Bukura. Na kuna fundi mwenyewe, Phanuel, ambaye tangu atoke chuo cha ufundi cha Sigalagala hakuna anayemwita ila Waya. Siku hiyo alikuwepo pia mama mmoja mgeni, Jescah, aliyekuwa akingoja gundi ya kioo kipya cha simu yake ishike.

Waya alikuwa na simu mkononi, na kahawa yake ilikuwa inapoa.

— Wachezaji wanaiandikia kampuni barua, akasema. Mchezo wameufunga, sawa. Lakini watoe kodi yake.

— Kodi? akauliza Diwani. Si wakalipie kwao huko.

— Si kodi hiyo, mzee. Msimbo. Yale maandishi ya ndani yanayofanya mchezo utembee. Wakitupatia, tutaufungua wenyewe.

Ulikuwa mchezo wa kujenga vijiji kando ya mto, watu wa nchi mbalimbali wakikaa humo mtandaoni kama majirani. Waya aliucheza miaka minne. Mwezi uliopita kampuni iliuzima.

— Kiwanda cha sukari kikifungwa, akasema Diwani, mkulima hupewanga mashine?

— Hapewi. Lakini miwa yake inabaki shambani. Sisi nyumba tulijenga kwa mikono yetu, na zimeenda nao.

— Mimi naona ni kama mbegu, akasema Profesa. Wakiacha kuuza aina fulani, ile mbegu mama wanaificha stoo. Wakiigawa bure, ile mpya itanunuliwa na nani? Hawatoi hao.

— Na wao hawaitumii? akauliza Zeituni. Mimi sufuria nisiyopikia nampa jirani.

— Hawawezi kutoa, Diwani akashikilia. Yale yote mliyoandikiana humo wameshauza. Saa hii kuna mashine mahali inafundishwa kuongea kama Waya.

— Basi itakuwa inanyamaza siku nzima kama yeye, akasema Zeituni.

Profesa hakucheka. Alikuwa ameshapata wazo lake.

— Ama hawakuzima. Wamefunga mlango tu. Huko ndani mto bado unapita, kuku wanazurura, taa zinawaka kwa nyumba. Watu ndio hawapo.

Waya akaweka kikombe chini. Tangu mwezi uliopita alikuwa akijaribu kutofikiria jambo hilohilo.

— Ng'ambo ya mto wangu kulikuwa na mtu, akasema polepole. Alijiita Mvua ya Saa Tisa. Nikaona huyu lazima ni wa huku kwetu, kwenye mvua ya kila alasiri. Siku moja akaandika kwamba trekta za miwa zimepita, nyumba yote ni vumbi. Nilipofiwa na mama, nilikaa wiki mbili bila kuingia. Kurudi, nikapata amenilimia shamba lote, na mlangoni ameacha taa.

— Namba ya simu? akauliza Zeituni.

— Kila siku nilisema kesho. Siku ya kufunga nikahesabu saa zao vibaya, nikadhani nina saa nzima. Nikamwuliza: jina lako la kweli ni nani? Nikaona pale juu, anaandika. Anaandika. Halafu skrini ikawa nyeusi.

Akasugua kioo cha simu kwa kidole gumba.

— Ndiyo nataka huo msimbo. Mchezo ukifunguliwa, najua atakuja mahali palepale.

Profesa akasema wazungu wana moyo, huenda wakaona huruma. Diwani akaahidi kulifikisha jambo kwa mbunge, kisha kwa balozi. Jescah, aliyekuwa bado akingoja simu yake, akageuka.

— Na wewe, mwanangu, ulikuwa umemwambia jina lako la kweli?

Miaka minne yote, kwa yule wa ng'ambo ya mto, Waya alikuwa ni Waya tu. Diwani akaangalia viatu vyake. Profesa akakumbuka ana mteja dukani, lakini hakuinuka. Zeituni akainamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Yakatoka machicha tu.

Waya akarudi kwa ile barua. Maelfu walikuwa wameshatia majina yao ya mchezoni. Akaandika Waya, kisha mkono ukasimama. Chini yake akaongeza: *Phanuel Shikuku, fundi wa simu, nyuma ya stendi, Kakamega. Niko hapa kila siku isipokuwa Jumapili.*

Akaisoma mara mbili, akaituma, akaenda kuangalia kama gundi ya simu ya Jescah imeshika.